Nina kampuni ndogo ya CNA hapa Maryland, nianzie wapi kuuza huduma VA?

NesiWaPongwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, mtu wa Tanga, naishi Parkville, Maryland, huu mwaka wa 14. Miaka sita iliyopita nilifungua kampuni ya kupeleka wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, yaani CNA, kwenye nyumba za wazee. Leo nina CNA 17 na LPN 4, wengi wao akina mama wa kwetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na wawili wa Cameroon. Leseni ya jimbo ninayo, bima ninayo, uraia nilipata 2019.

Kila asubuhi nikishamwacha mtoto shuleni napita barabara ya Loch Raven, pale VA, idara ya serikali kuu ya wanajeshi wa zamani, walipo na kituo cha kulaza wazee na wagonjwa wa mazoezi ya viungo. Naliangalia lile jengo nikijua kwamba ndani yake kuna wazee wanaogeshwa, wanageuzwa kitandani, wanalishwa, kazi ileile wanayoifanya wasichana wangu kila siku ya Mungu. Wakati huohuo kati ya wateja wangu watano wa binafsi, wawili hunilipa baada ya siku 90, na mmoja alifunga milango mwaka jana akiwa na dola 11,400 zangu. Nimechoka kubembeleza watu wanilipe jasho la watu wengine.

Basi mwezi uliopita nikaanza kujisajili SAM.gov, tovuti ya wanaotaka kuuza kwa serikali kuu. Walinirudisha mara mbili kwa sababu ya koma: cheti cha jimbo kina koma kabla ya LLC, bili ya umeme haina. Nilipokubaliwa, kesho yake tu simu ikaanza kuita. Mtu anaongea kwa adabu, anajua jina langu na la kampuni, anasema usajili wangu haujakamilika, nimlipe dola 849 aukamilishe na atanihakikishia tenda ya kwanza ndani ya siku 90. Niliomba nifikirie. Hajaacha kupiga.

Jambo la pili ni shemeji yangu. Ana rafiki Malaysia mwenye glavu za nitrile kwa bei nzuri sana. Anasema CNA wanaugua, wanachelewa, wanaacha kazi, glavu haziumwi, tuuze glavu kwa serikali. Mume wangu ameshakubaliana naye. Mimi roho inasita, na akiba yetu yote ni dola 22,000. Tukikosea hapa hatuna pa kurudi.

Naombeni mwenye uzoefu anieleze. Nimlipe yule mtu? Tuuze glavu? Na kama ni CNA, mlango wa VA uko wapi hasa?

SajiniKitale

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Watu 21 kwenye orodha ya mishahara si mchezo.

Kwanza usimlipe huyo mtu hata senti. Kujisajili SAM.gov ni bure, kuhuisha kila mwaka ni bure, namba ya UEI ya kutambulisha kampuni ni bure, CAGE code, namba nyingine ya utambulisho, ni bure. Simu yako ameitoa hukohuko, maana taarifa za kampuni zilizosajiliwa ziko wazi kwa umma, na kuna watu kazi yao ni kuvizia majina mapya. Na hakuna anayeweza kukuhakikishia tenda ya serikali kuu ya Marekani. Ukitaka mtu wa kukushika mkono tafuta ofisi ya ushauri iitwayo APEX Accelerator ya jimbo lako, zamani zikiitwa PTAC. Zinagharamiwa na serikali, hulipi kitu. Andiko langu la kwanza la zabuni lilisomwa na mama mmoja wa hapo, alikaa nami saa mbili na kalamu nyekundu, akachora karibu kila ukurasa. Mpaka leo namwombea dua.

Mimi nilitoka Kitale nikaja kusoma, mwaka 2014 nikaingia jeshini kwa MAVNI, ule mpango uliokuwa unachukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo. Nikawa mtabibu wa kikosi. Nilitoka na goti bovu, na tangu 2018 nina kampuni ya kupeleka wauguzi kwenye vituo vya serikali. Kwa hiyo haya ninayokuambia nimeyapitia.

Glavu ziache, na nikueleze kwa nini ili umweleze shemeji bila ugomvi. VA inanunua bidhaa nyingi za hospitali kwa mikataba ya muda mrefu iitwayo Federal Supply Schedule, na kwa upande wa afya inasimamiwa na VA yenyewe kutoka Hines, Illinois. Huko kuna sheria ya mikataba ya biashara ya 1979: bidhaa lazima iwe imetengenezwa Marekani au katika nchi zilizo kwenye orodha. Malaysia haimo. China haimo. India haimo. Hata Kenya yangu haimo, lakini Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo kwa sababu zinahesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo madogo kabisa. Kuipitisha glavu hiyo Mombasa au kuibadilishia boksi Dar hakuifanyi kuwa ya Tanzania, na ukisaini karatasi ya nchi ya asili kwa uongo umejitafutia kesi. Tena tangu Novemba 2021 kuna sheria inayoitaka VA, pamoja na wizara za afya na usalama wa ndani, inunue vifaa vya kujikinga vilivyotengenezwa hapahapa Marekani, na glavu zimetajwa. Juu yake glavu ya kumpimia mgonjwa inahitaji kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kabla ya kuuzwa.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi. Zabuni ikitengewa biashara ndogo na wewe ukawa mchuuzi tu, kanuni inakutaka ulete bidhaa iliyotengenezwa na kiwanda kidogo pia, isipokuwa serikali iwe imetoa msamaha kwa bidhaa hiyo. Na hata ukivuka yote hayo, glavu, bandeji na mabomba ya sindano ya kila siku hospitali za VA huagiza kupitia wasambazaji wakuu wachache wenye maghala makubwa. Kuna manunuzi madogo ya kadi, ndiyo, kiwango chake kilipandishwa Oktoba 2025 kutoka dola 10,000 hadi 15,000 kwa bidhaa, lakini hiyo si biashara ya kuwekea akiba ya watoto.

Sasa CNA. Hapa una kitu cha kweli mkononi, ila ujue foleni ilivyo. Ndani ya VA wenye biashara waliopigana jeshini wanatangulia, na kati yao waliopata ulemavu kazini wanatangulia zaidi. Sheria ni ya 2006. VA ilikuwa inadai haihusu manunuzi ya kwenye Schedule, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2016 kampuni ya Kingdomware ikashinda. Tangu hapo afisa mikataba akitarajia kwamba angalau biashara ndogo mbili za maveterani zitaleta bei inayofaa, lazima awatengee wao. Kwenye kupeleka wauguzi, maveterani wenye kampuni tuko wengi. Wewe si mwanajeshi, kwa hiyo tenda nyingi za VA za aina hii utaziona zimetengwa na huwezi kuziomba kwa jina lako.

Usikate tamaa hapo. Mwenye mkataba wa huduma uliotengwa anaruhusiwa kulipa kampuni nyingine isiyo ya daraja lake mpaka nusu ya fedha za mkataba. Mimi nina vituo viwili ambavyo sipati CNA wa kutosha wa zamu ya usiku, na najua wenzangu watatu wanaolia hivyohivyo. Tunatafuta watu kama wewe, mwenye CNA waliopimwa, wenye vyeti hai, wanaofika kweli. Anza kama mkandarasi mdogo chini ya mwenye mkataba. Unapata rekodi ya kazi ya serikali na unajifunza bila kubeba mzigo wote.

Halafu tazama nje ya VA. Magereza ya serikali kuu, huduma ya afya ya Wahindi Wekundu, hospitali za jeshi, NIH (taasisi za taifa za utafiti wa afya) pale Bethesda, wote hununua huduma za wauguzi, na huko foleni ya maveterani haina nguvu kama ya VA. Wewe ni mwanamke, raia, na kampuni ni yako: omba cheti cha biashara ya mwanamke kwa SBA, shirika la serikali la biashara ndogo, nacho ni bure.

Tafadhali sana, kabla hujaandika bei yoyote soma hii hapa chini, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza mimi.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa CNA tisa kwenye kituo kimoja cha serikali. Nilikuwa nimeshindwa zabuni kumi na moja kabla yake, nikawa na njaa. Nikapiga hesabu: mshahara dola 19.50 kwa saa, kodi za mwajiri 1.49, bima ya ajali kazini na mengineyo kama 1.20. Jumla 22.19. Nikaandika bei ya 26.40, nikajiona mjanja, nimebakiwa na dola 4.21 kila saa. Nikashinda. Tulichinja mbuzi.

Ndani ya mkataba kulikuwa na karatasi za Wizara ya Kazi, jedwali la mishahara. Sheria yake ni ya 1965, na inawagusa CNA na LPN. Mshahara wa chini niliuona. Nisichokiona ni mstari wa afya na ustawi, kiasi ambacho mwajiri anamlipa mfanyakazi kwa kila saa juu ya mshahara, ama kwa fedha ama kwa mafao kama bima. Wakati ule kilikuwa dola 4 na nusu hivi. Leo kimepita 5. Toa 4.50 kwenye 4.21 yangu uone. Kila saa iliyofanywa na kila CNA, mimi nilikuwa natoa karibu senti 30 mfukoni, kabla sijalipa pango la ofisi wala mtu wa kupanga zamu. CNA tisa, saa 36 kwa wiki, mwaka mzima. Karibu dola 5,000 zilipotea hivyo, na nilizilipa kwa kuendesha gari la mizigo usiku. Kuacha mkataba katikati sikuweza, kwa sababu rekodi hiyo ingenifuata kila niombapo.

Kwa hiyo jedwali la mishahara ndilo karatasi ya kwanza kufungua, kabla hata ya maelezo ya kazi. Likizo na sikukuu za kulipwa zimo humo pia, zipigie hesabu.

MamaArlington

Mdogo wangu wa Tanga, marahaba. Sajini amesema kweli tupu, nami naongeza mlango ambao yeye hakuugusa kwa sababu hafanyi kazi hiyo.

Usiangalie lile jengo peke yake. Maveterani wengi wazee wako majumbani mwao, na VA inawalipia mtu wa kuwaogesha, kuwapikia uji, kuwakumbusha dawa. Tangu sheria ya MISSION ya 2018, huduma hizi za nje zinapitia mtandao wa watoa huduma. Huku kwetu Texas msimamizi wa mtandao ni TriWest, kwenu Maryland ni Optum. Wakala wa huduma za nyumbani anaomba kuingia kwenye mtandao, anakaguliwa leseni na bima, anasaini. Hakuna zabuni ya kushindania bei, na foleni ya maveterani wenye biashara haipo hapo. Mimi nina wazee 26 wa namna hiyo. Mmoja alipigana Vietnam, ana miaka 79, binti wa Bukoba anayemhudumia amemfundisha kusema "asante sana mama", na kila nikipiga simu kuuliza hali ananijibu hivyo.

Ila kuna mambo ya kuchunga. Leseni ya kupeleka watu kwenye vituo na leseni ya huduma za nyumbani huwa ni vitu viwili, kwa hiyo uliza jimboni kabla ya kuomba. Usimpeleke mtu hata saa moja bila idhini ya VA yenye namba, kwa idadi ya saa zilizoandikwa. Mfanyakazi wangu mmoja alibaki kwa mzee saa nne zaidi kwa huruma, mzee alikuwa ameanguka. Alifanya utu, nikamlipa mimi, lakini VA hawakulipa na hawakukosea. Madai yapelekwe mapema. Ukipitisha siku 180 umepoteza. Na kila mwezi pitisha majina ya wafanyakazi wako wote kwenye orodha ya waliofungiwa ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya. Mtu aliyefungiwa akigusa mgonjwa anayelipiwa na serikali kuu, fedha hiyo itarudishwa na faini juu.

Malipo yake kwa saa si makubwa. Faida yangu ni ndogo kuliko ya Sajini. Lakini nalala usingizi.

Mhasibu_Goma

Mimi nafanya vitabu vya kampuni kama zenu. Naomba niongelee zile dola 22,000, kwa sababu ndizo zitaamua, hata kuliko vyeti.

Serikali kuu inalipa, hilo sina shaka nalo. Sheria inaipa siku 30 tangu ipokee ankara sahihi, ikichelewa inakulipa riba bila kuombwa. Neno la kuangalia ni "sahihi". Namba ya oda ikikosewa tarakimu moja, wana siku 7 za kukurudishia, unarekebisha, na siku 30 zinaanza upya. Ankara za VA zinapelekwa kwa njia ya mtandao, kupitia mfumo wa Tungsten, si kwa karatasi wala baruapepe.

Sasa tufanye kwamba umepata mkataba wa CNA sita, saa 40 kwa wiki, kila saa inakugharimu dola 27. Hiyo ni 6,480 kila wiki. Unafanya kazi mwezi mzima, unapeleka ankara mwisho wa mwezi, unangoja siku 30. Fedha ya kwanza inaingia karibu wiki ya tisa, na wafanyakazi wako wanalipwa kila baada ya wiki mbili. Wiki tisa ni dola 58,320. Akiba yako inaisha kabla wiki ya nne haijaisha.

Kwa CNA wawili ni 2,160 kwa wiki, wiki tisa ni 19,440. Hapo unafika. Kwa hiyo leo uwezo wako wa kweli ni watu wawili, labda watatu ukikubaliwa kupeleka ankara mara mbili kwa mwezi. Uliza hilo kabla ya kusaini. Ukitaka kubeba zaidi, nenda benki ukafungue mkopo wa kuchota na kurudisha wakati bado huna shida. Na ukija kukopa kwa dhamana ya ankara za serikali, jua kwamba kuhamisha haki ya malipo hayo kuna utaratibu wake wa tangu 1940: lazima iwe kwa taasisi ya fedha, na afisa mikataba apewe taarifa rasmi. Nimeona mama mmoja akisaini na mkopeshaji wa mtaani, mkopeshaji akadhani atalipwa moja kwa moja na serikali. Ilichukua miezi mitano kuifungua hiyo kamba, na wafanyakazi wakaondoka.

NesiWaPongwe

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti. Alinyamaza kwenye hesabu ya wiki tisa, akaniomba nirudie. Glavu zimekufa. Shemeji amenuna kidogo lakini ameelewa habari ya Malaysia, kwa kuwa nchi iko kwenye orodha au haiko, hakuna la kubishania. Yule wa dola 849 nimemfungia namba.

Kaka Sajini, nisaidie na hili. Kanisani kuna baba mmoja mwema, alipigana Iraq, ana ulemavu wa kazini. Aliposikia ninachotafuta akasema atakubali tumwandike mwenye asilimia 51 ya kampuni, niwe namlipa dola 1,000 kila mwezi, niendeshe mwenyewe kama kawaida. Anasema ni kunisaidia tu. Inawezekana?

Jingine, nimeona tangazo la Sources Sought kuhusu wasaidizi wa wauguzi hukuhuku Maryland, mwisho Ijumaa. Si zabuni, wanauliza tu nani yupo. Nijibu, au napoteza muda?

SajiniKitale

Dada, la kwanza: hapana. Mwambie huyo baba asante, na umweleze kwa upole kwamba atajiharibia yeye na wewe. Cheti cha veterani mlemavu, ambacho tangu Januari 2023 kinatolewa na SBA, kinataka yeye amiliki kweli na aongoze kweli: aamue bei, aajiri, asaini, fedha zimfuate. Jina la kuazima ni udanganyifu. Sheria ya madai ya uongo ilitungwa 1863, wakati wa vita vya Lincoln, kwa sababu ya wafanyabiashara waliokuwa wakilidhulumu jeshi, na siku hizi inamlipisha mtu mara tatu ya hasara pamoja na faini. Watu wamefungwa jela kwa jambo hilihili. Na mimi, niseme wazi, linaniuma. Foleni ile tuliisimamia kwa magoti na migongo. Kama huyo baba anataka kazi ya kweli, afungue kampuni yake, aiongoze, akuite wewe kama mkandarasi wake mdogo. Hiyo ni halali kabisa, na mtasaidiana vizuri.

La pili: jibu, na anza leo. Hapo ndipo afisa mikataba anapoamua kazi itengewe nani. Ukikaa kimya, kwake haupo. Wakijibu wanawake wawili wenye cheti na uwezo, anaweza kuwatengea wanawake. Wasipojibu, ataifungua kwa wote na kampuni kubwa itakuja kuichukua. Mimi nilikuwa nayadharau matangazo hayo miaka miwili ya kwanza. Zile zabuni kumi na moja nilizoshindwa, saba zilikuwa zimeshapangiwa sura kabla sijazisoma.

Kurasa mbili zinatosha. UEI na CAGE code juu kabisa. Sema wewe ni biashara ndogo ya mwanamke, na kwamba cheti umeshakiomba, kama umeshakiomba. Usiandike ambacho hakijafanyika. Halafu kazi tatu ulizofanya: jina la kituo, miaka, idadi ya watu, zamu, na mtu wa kupigiwa simu. Kutokuwa na rekodi ya serikali hakukuondoi. Sheria inasema asiye na rekodi asipewe alama nzuri wala mbaya kwa kipengele hicho, na kazi za binafsi zinasomwa. Nyumba za wazee ulizohudumia miaka sita ni rekodi. Andika ni asilimia ngapi ya zamu ulizoahidi zilijazwa, kama una kumbukumbu.

Na hesabu ya Mhasibu iheshimu. Usiandike unaweza kuleta watu 17 kesho asubuhi, kwa sababu wale 17 wana wateja wao. Andika unaanza na wawili au watatu na unaongeza baada ya siku 60.

Kitu cha mwisho ambacho mimi hukiweka ukurasa wa kwanza: mtu wao akiugua saa kumi na moja alfajiri na wakakupigia, mtu wako anafika baada ya muda gani? Unajua?

NesiWaPongwe

Ninajua. Dakika 40 kwa upande wa Loch Raven, Baltimore mjini ni saa moja kasoro. Asilimia ya zamu ninayo kwenye daftari langu la mkono tangu tulipofungua, nitaijumlisha usiku huu watoto wakilala.

Mama wa Arlington, shikamoo tena. Kesho nampigia mtu wa leseni za jimbo niulize hiyo ya huduma za nyumbani.

SajiniKitale

Daftari la mkono la miaka sita? Liweke kwenye andiko. Nitumie rasimu Alhamisi kabla ya saa mbili usiku, nitaipitia na kalamu nyekundu.